Mke wangu anafinyanga udongo tangu tupate ajali. Nimtoe kikundini au nimwache?

Jirani wa Nkuhungu (mwanachama mpya)

Habari za jioni wanajamvi. Ni msomaji wa siku nyingi humu, leo imebidi nifungue akaunti. Naomba ushauri, matusi tafadhali hapana.

Mwaka jana mwezi wa tisa familia yetu ilipata ajali tukitoka harusini Kibaigwa kurudi hapa Dodoma mjini. Ilikuwa usiku, karibu na Mbande. Mdogo wa mke wangu, binti wa miaka 19, alifariki pale pale. Mke wangu alivunjika mguu na mbavu mbili. Mwili umepona, shida ipo kwingine. Hapandi gari kabisa. Honi ya bodaboda ikilia nje anaangusha sufuria. Usiku anaamka ameloa jasho, anakaa sebuleni mpaka adhana ya alfajiri. Kuhusu siku ile hataki kuongea na mtu yeyote.

Mwezi wa pili rafiki yake akampeleka kwenye kikundi cha akina mama, Jumatano na Jumamosi. Kuna dada anawaongoza, wanachora, wanafinyanga, siku nyingine wanapiga ngoma. Wenyewe wanaita tiba ya sanaa. Mwanzoni nilifurahi maana alianza kulala, hata mlenda akapika tena. Sasa udongo umehamia nyumbani. Anafinyanga mpaka saa sita usiku, kimya, mimi nimekaa pembeni kama mgeni aliyecheleweshwa chakula.

Swali langu: hivi vitu vinaponya kweli, au vinamrudisha kule kule? Nafikiria kumtoa.

ZabibuKavu

Ngoja waje wataalamu. Nipo pale nimekaa na ubuyu wangu.

Mtumishi wa Shambani

Pole sana mkuu. Udongo ni udongo tu. Binamu yangu aliponea chupuchupu kwenye moto, alihangaika miaka mitatu, akaja kupona kwenye mkesha. Mfungie siku saba halafu uone.

Nesi wa Zamu

Jirani, pole. Mimi si daktari, ni muuguzi, nipo wodini mwaka wa kumi na moja huu. Unayoyaeleza yanaitwa kiwewe. Wamarekani wenyewe waliyaingiza kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980 tu, baada ya askari waliotoka Vietnam kusumbuka miaka na miaka, kwa hiyo usijilaumu kama kwenu hamkuwa na jina lake.

Mtu wa namna hiyo haringi anapokataa kuongea. Tukio limekaa ndani vipande vipande: mlio, harufu, taa za gari. Maneno yakigoma, mikono inaweza kupata njia. Hili nalo halikuanza jana. Mwingereza mmoja mchoraji, Adrian Hill, alikuwa anatibiwa kifua kikuu, akawa anachora huko huko, baadaye wagonjwa wenzake nao wakashika penseli. Yeye ndiye aliyelipa jambo hili jina, mwaka 1942.

Sasa hofu yako ya kumrudisha kule kule. Kuna jaribio la James Pennebaker na mwenzake, lilichapishwa 1986. Wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza kuliko yote. Walikuwa wanatoka chumbani wana huzuni kuliko wale walioandika habari za viatu na vyumba vyao. Ila miezi iliyofuata, walioandika jambo lenyewe na hisia zake ndio waliokwenda zahanati mara chache. Kwa hiyo kumwona kazama kwenye udongo si ushahidi kwamba anaharibika. Tazama usingizi wake, chakula chake. Akiacha kula, au akitamka kwamba hataki kuishi, hapo hakuna cha udongo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tuna bahati tupo Dodoma, Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo mlangoni.

Hujasema: anafinyanga nini?

Jirani wa Nkuhungu

Asante Nesi. Vitu vya kawaida tu, watu watu na gari. Mirembe hapana jamani, mnaujua mtaa.

ZabibuKavu

Mirembe mnaionea. Mimi mzaliwa wa hapa, nikifika Dar nikasema natoka Dodoma, mtu wa kwanza anauliza, "Umetoroka au umeruhusiwa?"

Mzee wa Behewa

Naomba niseme langu, vijana mtanivumilia. Tarehe 24 Juni 2002 nilikuwa kwenye ile treni ya abiria iliyoshindwa kupanda mlima, ikarudi kinyumenyume bila breki, ikaivaa treni ya mizigo kati ya Igandu na Msagali. Watu 281. Mimi nilitoka na mkwaruzo wa kidevu, basi. Watu wakanipongeza. Nikawa sisikii uchungu wala raha, mwanangu akizaliwa naangalia tu kama naangalia mtoto wa jirani.

Babu alikuwa ameacha ilimba, zile marimba zetu za vidole gumba. Sikuwa mpigaji. Nikaanza kuigusa jioni, wimbo hakuna, ni mlio mmoja, ta ta, ta ta. Miezi imepita mke wangu ndiye akaniambia, "Unajua unapiga mwendo wa treni?" Nilikuwa sijui. Nikalia siku hiyo mpaka mbuzi wakashangaa. Mlio sikuuacha, niliuongezea mwingine, baadaye mwingine. Sasa hivi ni wimbo, wajukuu wanaucheza, hawajui ni nini na sitawaambia.

Nimesahau swali lilikuwa nini. Mwache mama wa watu.

Mwana wa Muheme

Mzee umeniliza hapa kwenye daladala.

Mleta uzi, sisi Wagogo ngoma ya muheme inapigwa na wanawake, unaibana magotini mpaka mapaja yanauma, na ukimaliza kuna kitu kimekutoka, hata ukiulizwa ni nini hujui. Majirani zetu Rwanda ngoma ilikuwa ya wanaume. Baada ya yale mauaji, Odile Gakire Katese akaanzisha kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, mwaka 2004. Wajane, na wenye waume zao jela, wanapiga ngoma moja. Sasa wewe mkeo kapata pa kupumulia unataka kumtoa. Wanaume mna shida gani lakini?

Mkondoa Halisi

Kule Kolo kuta za miamba zimejaa michoro, tangu 2006 ni Urithi wa Dunia. Hatujasikia mwenye pango akimwambia mkewe aache kuchora, rangi zinachafua nyumba.

Nesi wa Zamu

Jirani, narudi kwako. "Watu watu na gari." Gari gani, na nani yumo? Kikundi hakitakiwi kumdadisi maana ya anachotengeneza, hilo ni sahihi. Ila wewe unayeishi naye kuna kitu umekiona kikakutisha. Na nani alikuwa anaendesha siku ile?

Jirani wa Nkuhungu

Dereva si hoja hapa. Nimeuliza kuhusu tiba.

Dereva Mstaafu

Aaa. Umejibu.

Jirani wa Nkuhungu

Haya. Nilikuwa naendesha mimi. Noah ya kuazima. Polisi niliandikisha kwamba tairi la mbele lilipasuka.

Amefinyanga gari lote, halina paa ili uone ndani. Watu watano kwenye viti, kila mmoja urefu wa kidole. Mdogo wake kamsuka nywele kwa ncha ya sindano, mistari saba, ndivyo alivyokuwa amesukwa. Na dereva kamwekea mkono mmoja kwenye usukani. Mkono mwingine uko sikioni.

Alikuwa anataka kwenda nalo kikundini Jumamosi.

Kabla hamjanirukia: nimeshaongea na yule dada wa kikundi, nimemwambia mke wangu anapumzika kwanza. Gari nimelifunga kwenye boksi nikalipeleka kwa mama yangu Mvumi. Nimefanya hivyo kwa ajili yake, kukaa na kitu kile mezani ni kujitesa. Anadhani nimelipeleka likachomwe kama vyungu. Nyinyi mngefanyaje?

Dereva Mstaafu

Miaka 28 barabarani. Simu kwenye usukani nimeitoa miili yake kwenye mabati kwa mikono hii. Nenda ukaandikishe ukweli, na mzazi wa yule binti naye umwambie. Kwingine kote ni kuzunguka mbuyu.

Mtumishi wa Shambani

Ona sasa. Nilisema mkesha.

Pilato wa Area C

Wakuu, nyote mmekunywa chai na mnaomba kikombe cha pili. Akaunti ina saa tano. Mke hapandi gari, kikundini anafikaje? Mguu ulivunjika, anatembea? Udongo mbichi upitishwe barabara ya Mvumi na mikono ya vidole usivunjike? Halafu kimoja tu ndicho kina siri, kama tamthilia ya saa tatu usiku. Huyu ni mtunzi anajaribia hadithi yake kwetu. Weka picha.

ZabibuKavu

Chai ya tangawizi hii. Nani ana vitumbua?

Mkondoa Halisi

Mimi niliona tangu mwanzo. "Mgeni aliyecheleweshwa chakula." Mtu mwenye msiba haandiki hivyo.

Mwana wa Muheme

Kwani mwenye msiba anaandikaje, Mkondoa? Tupe mfano.

Mzee wa Behewa

Kwa hiyo na mimi nilitunga treni?

Pilato wa Area C

Mzee shikamoo, wewe hapana. Namsema mleta uzi. Picha.

Jirani wa Nkuhungu

Picha siweki. Kikundi kipo Chang'ombe, anakwenda kwa miguu na fimbo, dakika arobaini. Udongo ulikuwa umekauka, niliufungia kanga mbili, na ndiyo, njiani kuna kimoja kilivunjika kidogo.

Na unataka kujua nani alipiga simu, Pilato, kwa kuwa hilo hujauliza? Mwenye viti. Viti vya plastiki vya kukodi, vilizidi kumi na viwili kwenye hesabu ya harusi, akawa anadai elfu thelathini yake. Saa nne usiku. Nilipokea nimtukane.

*(saa mbili zimepita)*

Pilato wa Area C

Chai huwa haina mwenye viti. Samahani mkuu.

Nesi wa Zamu

Jirani, sikupigi mawe. Ila hebu usome tena ulichoandika. Umeuliza kama udongo unamrudisha mkeo kule. Yeye anakwenda na kurudi, usingizi umempata, jikoni amerudi. Aliyebaki Mbande ni wewe. Hata hiyo jasho ya usiku sijui ni ya nani peke yake.

Kile kitu ni chake. Anaweza kukionyesha, kukificha au kukivunja, uamuzi wake. Ukimnyang'anya umemfanyia kile kile ajali ilichomfanyia, jambo kubwa limetokea yeye hakuulizwa. Mrudishie. Na wewe tafuta wa kuongea naye, ustawi wa jamii wapo halmashauri, si lazima uanzie Mirembe kama jina linakutisha.

Jirani wa Nkuhungu

Rahisi kusema. Akilipeleka kule, akina mama kumi na wanne wataona ule mkono. Mmoja wao ni jirani wa baba mkwe.

Dereva Mstaafu

Ndiyo.

ZabibuKavu

Mimi natania sana humu lakini leo sina utani. Wahi kabla mama hajalianika juani, udongo ukipigwa na jua kali unapasuka.

Jirani wa Nkuhungu (Jumapili)

Jana nilikwenda Mvumi kwa basi. Mama hakulianika. Alikuwa amevitoa kimoja kimoja akavipanga uvunguni mwa kitanda chake, kivulini, juu amefunika kipande cha gunia. Bibi alikuwa mfinyanzi, mama kakulia humo. Hakuniuliza habari ya gari. Alimshika dereva akaniuliza, "Huyu mkono wake umeupeleka wapi?"

Nikautoa mfukoni. Niliuvunja mwenyewe, kabla hata sijafungua huu uzi. Siku nne natembea nao.

Nimerudi na boksi nimelipakata mpaka stendi. Mke wangu alilifungua mezani, akahesabu watu, akafika kwa dereva akaangalia palipovunjika. Nikaweka ule mkono mbele yake. Nikamwambia alikuwa ni mwenye viti.

Akasema, "Najua. Nilisikia unamtajia elfu thelathini."

Basi. Sijui mlitegemea nini. Hakunipiga, hakulia, akaenda jikoni akarudi na maji kwenye kikombe, akakoroga udongo kidogo ukawa kama uji mzito.

Mzee wa Behewa

Umeshika?

Jirani wa Nkuhungu

Bado Mzee, kitu kikavu hakishiki haraka. Ameufunga na uzi wa cherehani, umekaa sikioni pale pale ulipokuwa. Anasema usiguswe mpaka Jumatano. Ameniuliza kama nitambebea boksi, lina uzito na yeye ana fimbo.