Masika ya Arusha na Moshi: tupeane uzoefu, mnaishije na mvua hii?

Mgeni wa Sakina
Wakuu habari zenu. Nimehamia Arusha mwezi wa pili nikitokea Dodoma. Kule mvua ikinyesha Januari tunashangilia, ikifika Mei tumeshaisahau. Hapa tangu mwishoni mwa Machi sijaona jua siku mbili mfululizo, na Mlima Meru niliuona wiki ya kwanza tu. Sare za mwanangu zinakaa kambani siku tatu, nikizianua zina unyevu na zinanuka uvundo. Nyuma ya kabati ukuta umeota ukungu mweusi. Usiku kuna baridi, mtoto anakohoa, na siku hizi anaamka akilalamika kichwa kinamuuma. Wenyeji naombeni mnieleze mnafanyaje, kwa kweli nimeanza kuogopa.

Mama wa Ilboru
Pole sana mdogo wangu, na karibu Arusha. Nianze na nguo. Usirundike kufua Jumamosi, fua sare kila jioni. Ukishaikamua, izungushie taulo kavu uikanyage kwa miguu, taulo litanyonya maji mengi. Tundika karibu na dirisha, alfajiri piga pasi. Kabati livute litoke ukutani kiasi cha kiganja, na mchana fungua madirisha hata kama kuna baridi. Huo ukungu ufute kwa maji yenye Jik.

Sasa niambie, chumba cha mtoto unakipashaje joto? Nauliza kwa sababu ya hicho kichwa.

Julai ya 2011 baridi ilitushinda, nikaingiza jiko la mkaa chumbani. Nilisubiri moshi uishe kabisa, mkaa ukawa mwekundu mzuri, nikaamini ni salama. Tukafunga dirisha, tukaziba na chini ya mlango kwa kanga. Usiku nikaamka kichwa kinagonga na miguu imekufa ganzi. Binti yangu nikimwita anaitika kwa mbali, halafu akanyamaza. Mume wangu alitambaa mpaka mlangoni akaufungua, tukamburuta mtoto hadi barazani kwenye umande. Alitapika, ndipo akazinduka. Daktari alituambia ni hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mkaa unaitoa hata ukiwa hauna moshi. Dakika chache zaidi ningezika mtoto. Tafadhali nijibu, dada.

Boda wa Kijenge
Naunga mkono mama hapo juu. Mimi nizungumzie makorongo, maana wageni wengi hawayajui. Unaweza kuwa umesimama mjini pakavu kabisa, kumbe juu mlimani imenyesha saa nzima. Maji yanashuka kwa Themi, kwa Naura na kwa vikorongo visivyo na jina, yanakuja na mawe na migomba. Mwaka juzi abiria alinisisitiza tuvuke, akaniambia maji yanafika kwenye kifundo tu. Nilikataa, akashuka kwa hasira bila kunilipa. Hatukukaa sana likapita gogo ambalo lingetubeba na pikipiki yetu. Aprili 2024 gari la watoto wa shule lilisombwa na maji hapahapa Arusha, tukazika watoto. Tangu siku ile mimi nikiona maji yamegeuka rangi, nasimama. Hata uniongezee nauli mara tatu, sivuki.

Mwalimu wa Pasua
Sisi wa Moshi mambo ni tofauti kidogo. Mji wetu uko chini kuliko Arusha, joto tunalo, ila mvua ya Kibosho na Uru inatufuata kwa mito ya Rau na Karanga. Wazazi wangu wako Kibosho, kwao hii ndiyo mvua ya kahawa na migomba, wanaishukuru. Sisi wa huku chini tunahamisha magodoro. Nimejifunza kupandisha vitu juu ya matofali ikifika Machi, na vyeti vyote nimevifunga kwenye mfuko wa nailoni. Halafu mvua ikipungua mbu wanakuja kwa wingi. Chandarua kisikose hata usiku mmoja.

Mkulima wa Tengeru
Mgeni, ukitafuta nyumba nyingine kumbuka mvua ya hapa inakwenda kwa upande wa mlima. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga Meru upande wa kusini na mashariki, hapo ndipo inapomwaga. Ukitoka kwetu Tengeru kwenye migomba ukapita mjini hadi Kisongo, unakuta vumbi na ng'ombe wa Wamasai wanatafuta majani. Mlima ni uleule. Na usidhani Mei ikiisha umepona. Mvua kubwa inaondoka, ila Juni na Julai wingu linakaa hadi mchana, na manyunyu asubuhi. Ndiyo baridi yenyewe hiyo. Nunua sweta na gambuti za mtoto mapema, kipupwe kikianza bei zinapanda. Kaangalie nyumba siku mvua inanyesha, usiende siku ya jua. Utaona maji yanapita wapi.

Mgeni wa Sakina
Mama wa Ilboru, nisamehe nimechelewa kujibu, nilisoma nikashindwa kuandika. Ni jiko la mkaa. Wiki nzima nimekuwa naliweka chumbani kwake saa mbili usiku, nalitoa akishalala, na dirisha nafunga ili joto lisitoke. Jana nilipitiwa na usingizi, likalala humo hadi asubuhi. Nimelitoa nje sasa hivi, dirisha liko wazi, yeye nimemlaza kwangu na mashuka mawili ya Kimasai. Anapumua vizuri, nimekaa namwangalia. Asubuhi nampeleka hospitali nikawaeleze yote. Kuna anayejua pale soko la Kilombero blanketi nzito za mtumba zinauzwa upande gani? Nataka nipitie kesho tukitoka kwa daktari.

Mama wa Ilboru
Mungu ashukuriwe. Usizunguke na mtoto sokoni kwenye tope. Mimi ninalo blanketi la ziada, nitumie ujumbe pembeni nikuletee.