Mrejesho: kile kichwa cha treni cha zamani sasa kinatembea

Wakuu, narudi na majibu. Niliuliza kuhusu kichwa cha treni ya mfano, cha zamani, cha volti 12, ambacho baada ya ukarabati kilikuwa kinaenda kwa kushtukashtuka, mota inapata moto haraka, na kwenye kona kinazima kabisa.

Ushauri ulionifaa kuliko yote ni ule wa kutenganisha mota na gia kwanza. Niliitoa nikaipa umeme peke yake: bado ikakwama na kurusha cheche. Kwa hiyo gia hazikuwa na kosa. Komyuteta, ile silinda ndogo kwenye mhimili wa mota inayopitisha umeme kwenda kwenye koili, ilikuwa nyeusi tii, na ile mifereji myembamba kati ya vipande vyake vya shaba imejaa unga wa kaboni uliogandamana na mafuta, umeme unavuka kutoka kipande hadi kipande. Nikaichokonoa taratibu kwa kijiti cha meno, nikafuta kwa spiriti, shaba ikang'aa. Brashi, vile vipande vya kaboni vinavyoigusa na kuipa umeme, zilikuwa zimelika upande mmoja, nimeweka mpya. Joto limeisha, hivyo sumaku ya mota, ambayo ikidhoofika nayo huleta joto, naiacha kwanza.

Kuzima kwenye kona kulikuwa na sababu yake: kijibati kinachochukua umeme kwenye gurudumu kilikuwa kinaachana nalo ekseli inaposogea pembeni. Nimekikunja kidogo tu, maana kikibana sana kinageuka breki.

Kilichobaki ni kelele kinaporudi nyuma. Nashuku mhimili wa mota unacheza. Nitajaribu kuongeza washa nyembamba (kile kipete bapa cha kuziba nafasi). Asanteni sana, nimefurahi mno kukiona kikitambaa polepole bila kusita.