Kipimo cha mate kinatosha kujua nyonga za German Shepherd kabla ya kumpandisha?

Mlinzi_Tengeru
Wakuu habari. Nina German Shepherd jike, miezi 19, natarajia aingie kwenye joto baada ya wiki sita hivi. Dume niliyempata ana karatasi za Ujerumani: "HD a normal" na "ZW 79". Kuna maabara ya mtandaoni inapima vinasaba kwa mate na inatoa ripoti ndefu ya magonjwa. Nikituma mate ya jike, bado nahitaji eksirei? Na hiyo 79 ni nzuri au mbaya?

VetKilimani
Mkuu, eksirei huikwepi. Displasia ya nyonga (hiyo HD ya karatasi, yaani kichwa cha mfupa wa paja kutokaa vizuri kwenye kikombe cha nyonga) hailetwi na jeni moja. Zinachangia nyingi, kila moja kidogo kidogo, kisha chakula na uzito wa utotoni huzidisha au hupunguza. Kwa German Shepherd hakuna kipimo cha mate cha kukuambia "huyu nyonga zake safi".

Ripoti hizo zina faida yake kwenye magonjwa ya jeni moja. Kwa aina hii angalia DM, ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaolemaza miguu ya nyuma uzeeni, jeni yake SOD1. N/N hana nakala yenye kasoro, N/DM amebeba moja, DM/DM anazo mbili na yumo hatarini. Mbebaji ukimpandisha na N/N, hakuna mtoto atakayepata nakala mbili. Kwa nyonga hesabu nyepesi namna hiyo haipo.

Wengi huchanganya magonjwa haya mawili. Mbwa wa miaka 9 anayeburuza kucha bila dalili ya maumivu, fikiria DM. Wa miezi 8 anayekimbia kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja na kusita kuruka kwenye gari, anza na nyonga.

Ukituma mate, subiri saa moja baada ya kula, sugua kijiti ndani ya shavu, kisha kiache kikauke kabla ya kufunga bahasha. Kikifungwa kibichi, bakteria huharibu sampuli.

Kenel_ya_Mlimani
Nijibu la karatasi. "a normal" ni daraja la eksirei ya dume mwenyewe, sawa na A ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa. "fast normal" ni B, "noch zugelassen" ni C. ZW ni kitu kingine: ni makadirio ya atakachorithisha, na SV, chama cha German Shepherd cha Ujerumani, huyapiga kwa kuunganisha picha yake na za wazazi, ndugu na watoto wake. Wastani wa aina nzima ni 100, na namba ndogo ndiyo nzuri. Kwa hiyo 79 ni nzuri sana.

Dume wa "a normal" mwenye ZW 105 mimi simtaki: yeye mzima, ukoo wake ndio wenye shida. Bora wa "fast normal" mwenye 80. Na ZW hubadilika kadiri watoto wanavyopigwa picha, kwa hiyo ulizia ya sasa, usitegemee iliyoandikwa miaka mitatu iliyopita. Usiilinganishe na alama za BVA, chama cha madaktari wa mifugo cha Uingereza, pia. Zile ni 0 hadi 53 kwa kila nyonga, jumla 106, na zinahusu picha ya mbwa mmoja.

Kwa jike wako, tafuta ndugu zake wa tumbo moja. Ikiwa wako saba na aliyepigwa picha ni mmoja tu, cheti chake hakikwambii mengi. Wenye picha mbaya huwa hawazitumi.

Mlinzi_Tengeru
Shukrani wakuu. Daktari wa huku ana mashine lakini hajawahi kupiga picha za cheti. Nimwambie nini?

VetKilimani
Jike alazwe kwa dawa, asishikwe kwa nguvu. Misuli iliyokaza huficha ulegevu wa nyonga. Asile usiku wa kuamkia kipimo. Chali, miguu ya nyuma ivutwe sambamba na kuzungushwa ndani hadi pia za magoti zikae katikati ya mapaja. Picha ichukue fupanyonga lote hadi magotini. Namba ya chipu, tarehe na alama ya kushoto au kulia viingie wakati wa kupiga, visiandikwe baadaye.

Kosa linaloharibu picha nyingi ni kulala upande. Linganisha matundu mawili ya fupanyonga: moja likiwa jembamba, mbwa amepinda, na kikombe kimoja kitaonekana kina kirefu na kingine kifupi kuliko ukweli. Rudieni hapo hapo kabla hajaamka. Picha ikiwa sawa, angalau nusu ya kichwa cha mfupa wa paja iwe ndani ya kikombe, na pembe ya Norberg, inayopima kichwa hicho kilivyokaa kwenye kikombe, iwe 105° au zaidi.

Omba faili la DICOM, yaani faili halisi la mashine ya eksirei, si picha ya kioo iliyopigwa kwa simu. OFA, shirika la Marekani linalotoa madaraja ya nyonga, hutoa daraja la mwisho kuanzia miezi 24, kwa hiyo kwa miezi 19 utapata la awali tu. BVA hupokea kuanzia miezi 12.

Piga ndani ya wiki mbili hizi. Homoni za joto huweza kulegeza viungo, ndiyo maana OFA hushauri wiki tatu hadi nne kabla au baada yake. Ukichelewa, acha joto hili lipite.