Naomba ushauri: shotigani ya pampu inagoma na mtutu umeota kutu

Wakuu, habari za saa hizi. Niko Mufindi, upande wa mashamba ya chai. Ukungu wa huku mnaujua, Juni na Julai hata kufuli la ghala linaota kutu. Nina shotigani ya pampu, namba 12, leseni ipo, kazi yake ni kufukuza nguruwe pori kwenye mahindi.

Juzi nilitoa risasi zote, nikachungulia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na kupitisha kidole kuhakikisha, ndipo nikafungua mtutu. Ndani, karibu na chemba, kuna madoa mekundu kama unga wa tofali. Na ule mkono wa mbele wa kupampu ukiuvuta unateleza hadi katikati, halafu unagoma kama droo ya kabati la zamani.

Kosa langu nalijua. Naihifadhi kwenye ala ya turubai, kumbe ala inafyonza unyevu na kuutunza humo humo. Halafu mwaka jana niliishiwa mafuta nikapaka ya alizeti, msinicheke. Yameganda kama gundi.

Nimesugua kwa brashi ya shaba na mafuta ya taa, nikafuta kwa pamba. Madoa yametoka, vishimo vimebaki.

Sasa, mafuta ya cherehani yanafaa kwa baridi hii? Ile springi ya bomba la kuwekea risasi, lile la chini ya mtutu, niifungue mwenyewe au nimwachie fundi wa silaha mwenye kibali? Naogopa isije ikanirukia jichoni. Na mtutu wenye vishimo, ni salama kupigia?

Kwa sasa imefungiwa kabatini, na nguruwe wanajilia tu.