Nyumba ya zamani inataka kubomolewa: nitoe nini, niache nini, ili ujenzi mpya uwe na kaboni kidogo?

Mjukuu_wa_Mjenzi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Naomba ushauri kabla sijasaini karatasi ya mkandarasi. Familia imenikabidhi nyumba aliyoijenga babu, nami nataka kujenga nyingine palepale. Kuta ni za matofali ya kuchoma, paa ni mabati juu ya kenchi za mbao ngumu, milango ni mizito ya mbao, madirisha ya chuma, sakafu ya zege. Nyuma kuna jiko lililoongezwa baadaye, lenye paa la asbesto. Mkandarasi anasema ataleta mashine, aangushe kila kitu, kifusi kikatupwe, tuanze upya kwa tofali za saruji.

Roho inagoma. Saruji peke yake inachangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Halafu mimi nitupe matofali yaliyokwisha kuchomwa ili nikanunue mengine? Naomba mnisaidie, hasa mafundi mliowahi kujenga kwa vifaa vilivyotolewa kwenye majengo ya zamani.

Zege_na_Nondo

Mkuu, kabla ya kuuliza utoe nini, uliza kwa nini ibomolewe yote.

Hewa ya ukaa ya saruji haitoki kwenye moto wa tanuru tu. Jiwe la chokaa likichomwa linatengana, na hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe lenyewe inatoka, kabla hata tanuru halijafika nyuzi joto 1,450 zinazotakiwa kupata klinka, yaani vinundu vinavyosagwa kuwa saruji. Zaidi ya nusu ya uchafuzi wa saruji ni huo. Hata tanuru lingewashwa kwa nishati ya jua, jiwe lingetoa hewa yake vilevile. Msingi wako ulishatoa ya kwake zamani. Ukiuvunja na kumwaga mwingine, unatoa mara ya pili.

Wengi wanadhani kusaga zege kuwa kokoto kunaokoa kaboni nyingi. Kunaokoa mawe yasichimbwe, na kwa kujaza chini ya sakafu ni kazi nzuri, lakini saruji iliyomo hairudi kuwa saruji. Na ukitumia kokoto hizo kwenye zege jipya, kisha ukaongeza saruji kwa hofu ya udhaifu, umepoteza ulichotafuta. Ndiyo maana mimi napigania msingi kwanza, kuta pili, mengine baadaye. Chimba pembeni ya msingi sehemu kadhaa, mhandisi aone kina, upana na nyufa, halafu mchoro mpya uufuate msingi uliopo.

Mama_Matofali

Mwanangu, marahaba. Kwenye matofali, jibu lipo kwenye mota, yaani kinachoyashikanisha.

Chukua msumari, kwangua kiungo kati ya tofali na tofali, sehemu ya ndani isiyopigwa mvua. Mota ikidondoka unga, ni chokaa au udongo, na tofali litatoka zima kwa patasi na nyundo ndogo. Msumari ukiteleza bila kuacha alama, hiyo ni saruji, na tofali litapasuka kabla mota haijaachia. Jaribu kila ukuta, maana jiko lililoongezwa baadaye huenda halikujengwa kama nyumba kubwa.

Yakishatoka, gonganisha mawili mawili. Yenye sauti kali yameiva, yanafaa kuta za nje. Yenye sauti nzito iliyokufa yapeleke kuta za ndani zisizobeba mzigo, kwa sababu yanakunywa maji na kumomonyoka. Yapange kwa mafungu hayo siku unayoyatoa. Ukiyachanganya kwenye rundo moja, hakuna fundi atakayekubali kuyachambua baadaye.

Na ukiyajenga tena usiyafunge kwa saruji kali. Mota ya chokaa, au ya saruji kidogo yenye chokaa, iwe dhaifu kuliko tofali. Wajukuu zako nao wataweza kuyatoa.

Mchora_Ramani

Naongezea kwa Mama. Hata mota ikiwa ya saruji, njia ipo. Copenhagen, Denmark, kwenye nyumba za Resource Rows zilizokamilika mwaka 2019, ofisi ya wasanifu ya Lendager ilikuta matofali ya zamani hayabanduki. Wakakata kuta kwa msumeno kuwa vipande vikubwa vya mraba, wakavipandisha vilivyo kwenye kuta mpya. Ni kazi ya mashine na gharama, lakini tofali halikurudi tanuruni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni jengo la K118 pale Winterthur, Uswisi, la mwaka 2021. Fremu ya chuma ilitoka kwenye ghala la Basel, ngazi ya nje ikatoka kwenye jengo la ofisi la Zürich, na hesabu yao ilionyesha uchafuzi wa ujenzi umepungua kwa takriban asilimia 60. Ile ngazi ndiyo iliyoamua kimo cha ghorofa. Kwanza walikuwa na vitu mkononi, ndipo wakachora. Nawe pima milango na madirisha leo, andika upana, kimo na hali ya kila kimoja, umpe msanifu orodha kabla hajagusa kalamu. Ukimpa baada ya mchoro kukamilika, kila mlango wa babu utakuwa mfupi au mpana, na utaishia kuni.

Bwana_Hesabu

Jamani tusimpambe mwenzetu. Kutoa kwa mkono kunakula muda na mishahara. Na akisomba vitu kwa lori huku na huku, hiyo kaboni anayookoa si ataichoma kwenye dizeli?

Zege_na_Nondo

Ndugu, kwenye mishahara uko sahihi, na mtoa mada aingize hilo kwenye bajeti mapema. Kwenye dizeli hapana. Lori kubwa lililojaa hutoa takriban gramu 100 za hewa ya ukaa kwa kila tani kwa kila kilomita. Kutengeneza tani moja ya matofali ya kuchoma hutoa kilo 200 hivi. Itakubidi uyasafirishe kilomita 2,000 hivi kabla faida haijaisha. Pikapu ndogo inayorudi mara nyingi ina hesabu mbaya zaidi, lakini hapa vitu havitoki hata kiwanjani.

Seremala_Mzee

Kenchi zako, kijana, ndiyo mali. Mbao kavu karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Ikiwa darini imetulia, ikichomwa inarudi angani yote.

Toa mabati, kisha papi zinazoyashika, kisha kenchi, kwa kurudi nyuma hatua za mjenzi. Chomeka bisibisi kwenye ncha za mbao zinazokaa juu ya ukuta, maana huko ndiko unyevu na mchwa huanzia. Bisibisi ikizama, kata hapo mpaka ufike palipo imara. Katikati mara nyingi pazima. Ng'oa misumari yote kabla ya kuranda, kisu cha randa kikikutana na msumari vyote viwili vimekwisha.

Rangi ya zamani usiisugue kwa msasa mkavu, inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Na mbao zenye rangi ya kijani iliyoingia ndani huenda zilitiwa dawa yenye aseniki, nayo ni sumu. Hizo usizichome kabisa, wala usizipeleke jikoni.

Muuguzi_wa_Kata

Mbona mnapita paa la asbesto kama hamjaliona! Ndugu, lile halitumiki tena na halikatwi, halitobolewi, halifagiliwi. Nyuzi zake huingia mapafuni na kusababisha saratani inayojitokeza baada ya miongo. Liondolewe na watu wenye vifaa na ruhusa, likiwa limeloweshwa, vipande vyake vikiwa vizima, vifungwe kwenye plastiki. Hilo lifanyike kabla fundi yeyote hajapandisha ngazi kwenye nyumba kubwa. Mashine ya mkandarasi ingelisaga na vumbi lingeenea kwenye matofali yenu yote.

Mjukuu_wa_Mjenzi

Asanteni sana, nimeandika kila neno. Kuta za nyumba kubwa nimekwangua, mota inadondoka. Asbesto itatangulia. Swali moja limebaki: nondo zikitoka kwenye linta, zile boriti za zege juu ya milango na madirisha, naweza kuzinyoosha nizitumie kwenye linta mpya?

Zege_na_Nondo

Hapana mkuu. Nondo iliyokunjwa ikanyooshwa inaweza kuwa na ufa usiouona kwa macho, na linta iko juu ya vichwa vya watu. Iuze kama chuma chakavu ikayeyushwe. Linta ikiwa haina ufa wala kutu, na ukuta wake unabaki, usiivunje.

Na kwenye karatasi ya mkandarasi futa neno "kubomoa". Andika "kufungua kwa mkono", uambatanishe orodha ya vitu vinavyotakiwa kutoka vizima, na sehemu ya malipo yake ibaki mpaka orodha ihakikiwe. Asiposaini hivyo, tafuta mwingine.