M32B1 skeli ya 1/35: sanduku la resini halikai sawa juu ya bodi ya M4A1

Karakana35

Wakuu, habari za kazi. Nina bodi ya plastiki ya kifaru cha Sherman M4A1, skeli ya 1/35, pamoja na seti ya resini ya kuigeuza iwe M32B1, lile gari la Marekani la kuvuta vifaru vilivyokwama au kupigwa. Nimepachika vipande kwa kujaribisha, bado bila gundi, na mambo matatu hayajakubali.

Kwanza, sanduku linaloziba nafasi ya tareti (kile kichwa cha kifaru kinachozunguka) lina mdomo wa duara kwa chini, unaotakiwa kuzama kwenye tundu la bodi. Tundu lina kipenyo cha milimita 50.0, mdomo una 49.1. Sanduku linacheza, na nikilikandamiza mbele, nyuma kushoto kunafunguka uwazi wa milimita 0.8. Pili, mkono wa kreni una miguu miwili kama herufi A, na mguu wa kulia umepinda. Tatu, waya wa winchi waliouweka ni uzi wa pamba wenye manyoya. Nataka mkono usimame umeinuliwa, si kulala. Nianzie wapi?

Keekee

Anza na sanduku, mkuu. Ila usikate chochote kabla hujajua chanzo, kwa sababu uwazi kama huo huletwa na mambo mawili tofauti na kila moja lina dawa yake.

Tundu la tareti la Sherman halisi lilikuwa na kipenyo cha inchi 69. Zigeuze ziwe milimita, gawanya kwa 35, unapata 50.07, kwa hiyo bodi yako iko sahihi. Mdomo wa resini wenye 49.7 ningeuita wa kawaida, maana mtengenezaji huacha nafasi kidogo ya kupitisha. 49.1 ni pungufu mno. Ama seti nzima imesinyaa, ama mfano wa kwanza ulichongwa juu ya bodi ya kampuni nyingine. Poliyurethani, yaani resini yenyewe, husinyaa kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 1. Kinachoongeza tatizo ni kalibu ya silikoni inayogandishwa kwa bati: hiyo huendelea kusinyaa kadiri inavyozeeka. Silikoni ya platinamu haina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa.

Namna ya kujua: pima mkono wa kreni. Kwenye gari halisi ulikuwa na futi 18, yaani milimita 157 kwa skeli yako. Ukikuta 154, seti nzima imesinyaa kwa kiwango kilekile cha mdomo. Ukikuta karibu na 157, resini haina kosa, ni bodi tu hazilingani. Pima kipande kingine au viwili pia, maana kila kalibu ina umri wake.

Karakana35

Nimepima kwa venia (rula ya taya ya vipimo vidogo), nikiufuata ule mguu ulionyooka: 156.5. Urefu wa kifuniko cha winchi nao unakubaliana na mchoro.

Keekee

Basi ni bodi. Vizuri, hiyo ndiyo hali nyepesi, kwa sababu hutahitaji kurefusha wala kupanua kitu.

Kata mdomo wote wa duara uondoke. Haubebi mzigo wowote. Kazi yake ni kuonyesha katikati, na hapo ulipo unakuonyesha vibaya. Tumia kisumeno chembamba, kata polepole huku kipande kikiwa na maji, kisha sugua kitako juu ya kioo bapa kilichobandikwa msasa namba 240, ukizungusha kwa mchoro wa namba nane. Sugua kwa maji kila wakati na vaa barakoa ya vumbi. Vumbi la resini ni laini sana, linafika ndani ya mapafu, na kupuliza kwa mdomo kunalirusha usoni.

Baada ya hapo chora mstari wa katikati wa bodi kwa penseli, kutoka mbele hadi kwenye sitaha ya injini, na mwingine kwenye sanduku. Ndiyo utakaokuongoza. Toboa vitundu vitatu vya milimita 0.8 kwa keekee ya mkono, kina cha milimita 4, viwili nyuma na kimoja mbele. Tia vijiti vya shaba ya manjano kwenye sanduku tu. Upande wa bodi, bandika kwanza kwa ndani vipande vya plastiki vya milimita 2 ili vijiti vipate mahali pa kushika, kwa kuwa ukingo wa tundu wenyewe ni mwembamba.

Sasa ule uwazi wa 0.8. Usiuzibe kwa kumimina supa gluu kutoka nje. Bodi ya M4A1 ni ya chuma cha kumimina, ina mviringo, na gundi itateremkia begani na kuziba ule ukwaru wa chuma unaoipa uhai. Tandika nailoni nyembamba ya kufungia chakula juu ya bodi, ivute isiwe na mikunjo, toboa pale pa vijiti. Kanda puti ya epoksi ya sehemu mbili, isambaze chini ya sanduku unene wa milimita 1, kisha kandamiza sanduku mahali pake mpaka mistari miwili ya penseli ikutane. Futa iliyotoka kwa kidole chenye maji. Iache igande usiku kucha, inua, vua nailoni. Sanduku litakuwa na kitako kilichochukua mviringo wa bodi hiyohiyo. Gundi ya mwisho iwe epoksi ya mirija miwili, ile ya dakika 30. Ya dakika 5 itakubana kabla hujamaliza kunyoosha.

Mstari wa weldi weka mwisho: viringisha puti hiyohiyo iwe uzi wa milimita 0.4, ilaze kwenye pembe, chonga mawimbi kwa ncha ya kisu ingali laini.

Kapi_na_Winchi

Keekee kamaliza sanduku. Mimi naongeza la mkono, kwa sababu mkono ulioinuliwa ndio wengi wanaouona umelegea mwaka mmoja baadaye.

Ule mguu uliopinda unanyooka: maji ya moto yasiyochemka, nyuzi 70 hadi 80, uzamishe sekunde 30 mpaka dakika 1, ulaze juu ya kioo, ukandamize kwa rula, kisha umwagie maji baridi. Mkono wa kulazwa juu ya sanduku unatosha kwa matibabu hayo. Wa kuinuliwa, hapana. Resini ndefu na nyembamba huendelea kupinda yenyewe chini ya uzito, taratibu, na kabati lenye joto la pwani huharakisha. Hata waya ukiukaza kidogo tu, ncha inafuata waya.

Tengeneza miguu upya kwa mirija ya shaba ya manjano yenye kipenyo kilekile cha miguu ya resini. Pima sehemu tatu kwanza, usiamini kipimo kimoja. Ncha ya juu na bawaba za chini kata kutoka kwenye resini, uzichomeke ndani ya mirija kwa vijiti. Chora umbo zima kwenye karatasi ya mraba, libandike juu ya ubao, pigilia misumari midogo kando ya mistari ili mirija isisogee, ndipo ulehemu viungo vya shaba. Karatasi ya chooni iliyoloweshwa, ukiizungushia kiungo kilichokwisha, huzuia joto lisikifungue wakati unalehemu cha pili. Resini usiiweke mpaka shaba ipoe kabisa.

Bawaba zinahitaji umakini kuliko yote. Kama ziko umbali wa milimita 60 na moja imesogea mbele kwa milimita 1, ncha ya mkono inaenda upande kwa milimita 2.6. Jicho linaona hilo mara moja, hasa ukitazama gari kwa mbele. Pitisha kijiti kimoja kilichonyooka kwenye bawaba zote mbili kabla gundi haijashika.

Waya: uzi wa pamba tupa. Nenda kwa mafundi wa kusuka mota, waombe mabaki ya waya wa shaba nyekundu wa milimita 0.1 au 0.15. Kunja nyuzi sita au nane, ncha moja ibane kwenye jiliwa, nyingine kwenye drili, sokota polepole huku ukivuta. Unene wake utokane na picha ya gari: waya halisi wa milimita 28, kwa mfano, ni 0.8 kwenye skeli yako. Unaotakiwa kulegea, upitishe juu ya moto wa mshumaa uwe laini. Unaokaza, usiuchome. Ushike kwa koleo ncha zote mbili na uuvute mpaka uhisi umeteleza kidogo. Hapo unanyooka na kubaki hivyo.

Mwinyi_Modeli

Mawili mafupi. Resini na shaba ni nzito kuliko tareti ya plastiki. Kama magurudumu ya modeli yana springi zinazocheza, yagandishe yote kwa gundi gari likiwa limesimama juu ya kioo, la sivyo pua itainama. Na hakikisha una magurudumu ya springi za wima: ukiweka ya springi za mlalo umeshatoka kwenye M32B1 umeingia M32A1B1, na hiyo baadaye iliondolewa mzinga wa milimita 81 wa pale mbele. Huo mzinga, tundu lake ni milimita 2.3 kwenye skeli yetu. Wa resini huwa umeziba. Mrija wa shaba wenye kipenyo cha ndani 2.3 au 2.4 unapendeza zaidi.

Karakana35

Nimeelewa, wakuu. Kuna mtu ameniambia kifuniko cha winchi anaweza kunichapishia kwa printa ya resini ya mwanga. Inachanganyika na hii?

Keekee

Inachanganyika kwa supa gluu na epoksi bila shida. Ila muulize kama kipande ni tupu ndani. Kikiwa tupu, kiwe na matundu mawili ya kutolea majimaji, kioshwe ndani kwa isopropanoli, kikaushwe, kisha kipate mwanga wa taa ya zambarau ndani na nje. Resini mbichi ikifungiwa humo hupasua ukuta wiki kadhaa baadaye, rangi ikiwa imeshapakwa. Kwa kifuniko kidogo kama hicho mwambie achapishe kigumu chote, uondokane na wasiwasi.

Na kila kitu, cha kumiminwa na cha kuchapishwa, kioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki kabla ya praima, ile rangi ya kwanza ya chini. Mafuta ya kalibu hayaonekani kwa macho, lakini ukibandua utepe wa kufunikia, rangi inaondoka nao.