MREJESHO: Ile laptopu ya N100 niliyoulizia

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kama laptopu yenye prosesa ndogo ya Intel N100 itafaa kazi za chama chetu cha msingi cha korosho huku Masasi, au nijikaze nitafute Core i5 ya mtumba. Nilichukua N100, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8, SSD (hifadhi ya mafaili) GB 256. Msimu wa minada umeisha nayo.

Daftari la Excel lenye wakulima zaidi ya 600 linafunguka bila kusuasua. Prosesa ina kori 4 (vitengo vya kuchakata kazi) na imepangiwa wati 6 tu, yaani inakula umeme kidogo. Yangu haina hata feni, na umeme ukikatika asubuhi napiga kazi mpaka alasiri. Kwa joto la huku, hilo pekee limenilipa.

Inapochoka ni nikiwa kwenye kikao cha video huku brauza ina tabo kumi na tano. RAM nayo imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki.

Aliyenikataza laptopu ya prosesa ya Celeron N4020, ya kori 2 na eMMC (hifadhi ya polepole kuliko SSD), ahsante sana. Mdogo wangu Newala anayo: akiiwasha, anamenya muhogo kwanza.